Tarehe Itatangazwa

Faraji alifika Nyansiongo siku kumi kabla ya mazishi. Mwalimu Obare alikuwa amefariki Jumatatu alfajiri, na Jumanne saa nne asubuhi mgeni mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na shati lililokunjamana kwa safari ya usiku kucha alisimama langoni, begi begani, akamuuliza jirani aliyekuwa akiswaga ng'ombe kama amechelewa. Jirani akamtazama juu mpaka chini. "Umechelewa nini, ndugu yangu? Hata kamati bado hatujaunda." Hema halikuwa limesimamishwa na nje hapakuwa na kiti hata kimoja. Ndugu wa marehemu walikuwa sebuleni wakibishana nani awe mwenyekiti, mjane alikuwa amelazwa chumba cha ndani, na sisi wengine tulikuwa jikoni tukimenya ndizi za kuchemsha. Nilitoka mlangoni nikiwa na kisu mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona mtu yule ana kwa ana, maana mwaka wote tuliofanya kazi pamoja yeye alikuwa Mombasa na mimi Kisii mjini. Lakini aliposema, "Basi alhamdulillahi, nimewahi," nilimtambua kwa sauti. Kwa miaka minane nilikuwa nimejipa moyo kwamba hatutakutana.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, sijaenda chuo chochote, na nilikuwa na hakika kwamba siku moja mtu angesimama mbele yangu na kuuliza nani aliniruhusu kuandika. Kiswahili nilikuwa nimejifunza darasani kama kila mtoto wa Ikonge, kisha nikakifuata mwenyewe kwa redio na magazeti ya zamani, kalamu mkononi, nikinakili sentensi nilizozipenda. Mwalimu Obare alikuwa amefundisha Mombasa kwa miaka ishirini na kuanzisha ukurasa wa habari za jiji lile kwenye mtandao. Alipostaafu akarudi nyumbani, lakini ukurasa hakuuacha. Aliuleta Kisii kama mtu anavyobeba kiti chake cha zamani, akaukalisha kwenye chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Alihitaji mtu wa kuhariri. Nilimwandikia barua ya kuomba kazi mara sita kabla ya kuituma moja, na hiyo moja niliituma kwa sababu kalamu ilikuwa imeisha wino.

Chumba kile nakikumbuka vizuri kuliko nyumba niliyozaliwa. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja yenye herufi mbili zilizofutika, na ukuta mzima wenye ramani ya Mombasa. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda kupitia mbao za sakafu, na ilipofika saa sita nilikuwa naionja mpaka kwenye chai. Tulikula kile mke wa Mwalimu alichotuma ndani ya vyombo vya plastiki: ugali wa wimbi, saga, mboga chungu ya kwetu, iliyotulizwa kwa maziwa, au viazi vitamu siku ambazo hakukuwa na kitu kingine. Nikiwa nimeishika ndizi ya kuchemsha mkono mmoja, kwa mkono wa pili nilikuwa naweka koma kwenye habari za foleni ya mahamri na mbaazi. Bahari sikuwa nimeiona. Niliikariri ile ramani hadi nikajua mtaa gani umepakana na upi, nikaijua kuliko njia za Ogembo ambako shangazi yangu aliolewa, na nilidhani kukariri ni kujua.

Habari za kitaifa niliziandika mwenyewe, nikisikiliza redio tatu na kusoma kila nilichopata: bei ya mafuta, mgomo wa walimu, hotuba za bajeti. Hizo zilikuwa sahihi na hazikusomwa na mtu. Watu walikuja kwenye ukurasa wetu kwa ajili ya Faraji. Alikuwa amezaliwa mtaani, akimjua kila mtu kwa jina la mama yake, na alituletea mambo ya jiji: maji yamekatika wapi na yatarudi lini, mechi za mitaa, maulidi, harusi, siku ya kusafisha ufuo, nani amefariki. Alituma maandishi, na mara nyingi baada yake alituma ujumbe wa sauti kueleza alichosahau. Mwalimu alikuwa akiuweka ule ujumbe kwa sauti kubwa, anaegemea kiti, anafumba macho. "Dadangu Kwamboka, hebu niongezee hapo mwisho, kwamba yule bwana harusi alifika na viatu vya kukopa, vyambana, atembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Usilitaje jina lake, lakini mtaa mzima wajua." Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kwamba kijana huyo anaandika mpaka unasikia harufu. Mimi, mtoto wa kwao, niliyefika saa moja asubuhi kila siku na kusoma kila habari mara saba, hakuwahi kufumba macho kwa ajili yangu.

Nitasema wazi nilivyofanya, maana nimechoka kulizunguka. Nilianza kukata sentensi zake nzuri. Nilizitambua kwa urahisi kwa sababu ndizo zilizoniuma. Nikiisoma moja na kuhisi moto kifuani, nilijua hiyo ndiyo ya kufuta. Aliandika kwamba wanawake waliosubiri maji walikuwa wamepanga ndoo kwenye mstari na wao wenyewe kwenda kukaa kivulini, hivyo foleni ilikuwa ya ndoo peke yake, zikigombana kwa upepo. Mimi nikaandika kwamba wakazi walilalamikia uhaba wa maji. Nilijiambia ni mtindo wa habari, kwamba ukurasa lazima uwe na heshima. Faraji hakulalamika hata siku moja. Alinitumia ujumbe kusema ahsante kwa kumnyoosha, kwamba shuleni hakuwa mzuri wa insha. Nilisikiliza ujumbe huo mara nne nikitafuta kejeli ndani yake. Sikuipata, na kutoipata ndiko kulikoniudhi.

Nilikuwa pia na daftari ambalo ukurasa mmoja niliutenga kwa makosa yake. Kwa miezi minane niliandika manne. Moja lilikuwa jina la mtu, jingine saa ya mechi, na mawili nikikumbuka vizuri hayakuwa makosa, ni Kiswahili cha kwao ambacho sikukijua. Nilikuwa nasubiri la tano kama mtu anavyosubiri simu.

Lilikuja siku ya Jumamosi. Mwalimu alikuwa Msabato wa kweli, na kuanzia jua la Ijumaa lilipozama hadi la Jumamosi hakugusa simu wala kompyuta. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi chumba kilikuwa changu. Nilipenda siku hizo. Nilikaa kwenye kiti chake. Saa nne kasorobo Faraji alipiga simu badala ya kuandika, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Nyuma yake watu walikuwa wakiongea wengi kwa pamoja, na chuma kilikuwa kikigonga jiwe. Alisema Mzee Shee amefariki alfajiri. Nilimjua Mzee Shee kwa habari tu: refa wa mashindano ya mitaa, aliyechezesha mpira kwa miaka mingi kuliko umri wangu, aliyewalea vijana watatu wasio wake katika nyumba ya vyumba viwili. Faraji alikuwa amechezea timu yake utotoni. Alinitajia aliyekufa, alikokuwa akiishi, kisha akasema, "Maziko ni leo baada ya Alasiri. Leo, dadangu. Iweke sasa hivi, kuna watu wake wako mbali, waisome wapande gari." Nikasema sawa. Akarudia, leo baada ya Alasiri, akakata.

Nilibaki nikitazama nilichoandika kwenye karatasi. Sina budi kueleza kilichopita kichwani mwangu, na sikielezi ili nisamehewe. Kwetu mtu akifa, kinachofuata ni kikao. Mwili unapelekwa mochari, kamati inaundwa, inakaa kila jioni, watoto walio Nairobi wanangojwa, walio ng'ambo wanangojwa zaidi, picha ya marehemu inatafutwa, programu inachapishwa, ng'ombe anatafutwa. Babu yangu alilala mochari siku kumi na tisa, na hakuna aliyeona kwamba ni nyingi. Maiti anayezikwa siku ya pili ni yule asiye na watu. Nilijua Waislamu huzika haraka, jambo hilo nililisoma. Lakini haraka kwangu ilikuwa siku tatu. Mtu kufa alfajiri na kuwa chini ya ardhi kabla ya chai ya jioni, mtu mashuhuri, refa wa jiji zima, hilo akili yangu ilikataa. Na mara ile ile ilipokataa, kitu kingine ndani yangu kilifurahi. Amekosea. Analia, amechanganya, amesema leo akiwa na maana ya siku nyingine, na mimi peke yangu nimemkamata.

Ningeweza kumpigia. Simu ilikuwa imelala hapo mezani. Sikumpigia kwa sababu nilijua angenieleza kwa upole, na ningelazimika kushukuru tena. Niliketi vizuri nikaandika habari safi kabisa, aya tatu, kila koma mahali pake, jina la Faraji juu kama kawaida. Mstari wa mwisho niliuandika kama tunavyouandika kwetu: Familia na marafiki wanaendelea kukutana, tarehe ya mazishi itatangazwa na kamati. Niliusoma mara saba. Nikauchapisha saa nne na dakika kumi, kisha nikafungua daftari na kuandika namba tano. Mchana nilikula ndizi na maziwa ya mgando, na nakumbuka zilikuwa tamu.

Faraji alikuwa makaburini, simu mfukoni. Alikuja kuuona ukurasa baada ya Magharibi, wakati maoni ya wasomaji yalikuwa yameshakuwa marefu kuliko habari yenyewe. Wengi walikuwa wa mbali: waliosoma wakiwa Malindi, Kwale, Taveta, wakaweka simu chini na kusubiri tarehe. Mmoja wao alikuwa Bakari, fundi wa friji huko Voi, mmoja wa wale watatu aliowalea Mzee Shee. Bakari na mzee walikuwa wamekosana kwa jambo la zamani na hawakuwa wamezungumza mwaka mzima, na ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kumpigia simu asubuhi ile. Aliona habari kwetu. Alimpigia jirani mmoja, haikushikwa, maana jirani alikuwa amebeba jeneza. Kwa hiyo akaomba ruhusa kazini ya siku ya Jumatatu. Alifika na kanzu mpya ndani ya mfuko, akaonyeshwa udongo ambao ulikuwa umeanza kukauka. Aliandika chini ya habari yetu maneno machache: "Faraji, tulilala mkeka mmoja. Ungenificha kitu kingine chochote, si hiki."

Mwalimu aliitisha kikao cha simu Jumapili asubuhi, hata kabla ya Bakari kufika. Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti juu. Mimi nilikuwa nimekaa mkono wa kulia wa Mwalimu. Aliuliza swali moja tu: siku ya maziko ilipotelea wapi. Faraji akasema taratibu kwamba anadhani aliitaja. Anadhani. Hilo neno nililiona likipita mezani kama mlango ulioachwa wazi, nami nikapita. Nikasema, "Hukuitaja siku, kaka. Ningeiandika."

Chini, muuzaji alikuwa akihesabu chupa za dawa. Halafu Faraji akasema, "Basi huenda sikuitaja. Wallahi nilidhani nimeitaja. Asubuhi ile sikuwa na akili zangu, Mwalimu. Nisameheni." Akaniomba na mimi msamaha, kwa jina, kwa kunitia aibu mbele ya wasomaji. Nikasema hakuna neno. Simu ilipokatwa Mwalimu hakuinuka. Alikuwa ameishi miaka ishirini katika mitaa ile. Alikuwa ameingia makaburini na majirani zake saa za alasiri mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alijua hakuna Faraji yeyote duniani ambaye angeweza kuwaza kamati ya mazishi kwa Mzee Shee. Alinitazama muda mrefu juu ya miwani. Kisha akasema kwa Ekegusii, polepole, kwamba niende nyumbani nikapumzike, mwanangu. Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo. Nililitaka neno hilo kwa miezi minane, nikalipata pale, na mpaka leo sijui kama alinichagua au alinihukumu. Sasa amelala mochari na sina wa kumuuliza.

Faraji aliendelea kwa wiki tatu. Habari zake zikawa fupi, zimejaa "inasemekana" na "haijathibitishwa", na kila moja aliituma na swali: nimekuandikia saa, umeiona? nimekuandikia mahali, umeona? Hakukuwa tena na sentensi ya kukata. Wakati huo kijiweni kwao walikuwa wakimwita Bwana Tarehe, aliniambia mwenyewe, akicheka kicheko kifupi. Akaacha. Mwalimu akanipa mimi safu ya mambo ya jiji, na nikaiandika kutoka kwenye chumba chenye harufu ya dawa ya ng'ombe, nikipiga simu kwa watu wasionijua na wasiotaka kunijua. Matangazo yakapungua. Kabla ya Desemba kuisha hakuna aliyetuletea harusi wala kifo. Nilikuwa nimepata kiti nilichokitaka, na kilikuwa kiti tu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo tumboni niliposimama jikoni Nyansiongo na kisu cha ndizi. Alipewa chumba cha wageni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili cha kutosha kumtosheleza, kama alivyosema mke wa shemeji ya marehemu, nikapewa kazi ya kumhudumia. Wanawake jikoni walimjadili siku nzima kana kwamba hasikii. Mmoja aliuliza huyu wa Mombasa anakulaga nini, mwingine akasema mwache, amemaliza sahani mbili za saga bila kuuliza jina lake. Mama mzee wa boma jirani alitaka kujua kama ni kweli alikuja na nauli ya kwenda tu. Kila jioni kamati ilikaa chini ya hema lililofika hatimaye siku ya tatu, na Faraji alikaa nyuma kabisa, mikono magotini, akisikiliza watu wakijadiliana kuhusu rangi ya vitambaa kwa lugha asiyoijua. Siku ya nne aliniuliza, kwa adabu, kama kuna jambo limeharibika. "Dadangu, mwangoja nini? Maana mimi kila nikiamka nawaza leo ndiyo leo." Nilimweleza: mtoto wa mwisho yuko ng'ambo, kaburi litajengewa, Jumamosi hatuziki kwa sababu ya Sabato, basi imepangwa Ijumaa ya wiki ijayo. Alitikisa kichwa pole pole. Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa acheke, na nilitaka acheke, ili nimchukie kidogo.

Siku ya sita, mchana, tulikuwa peke yetu nyuma ya jiko. Jua lilikuwa kali, majani ya chai chini ya boma yaling'aa, na mbele yetu kulikuwa na beseni la ndizi mbichi. Alisisitiza kunisaidia. Alimenya vibaya, utomvu ukamganda vidoleni, na alikuwa akinisimulia habari zake bila kuulizwa: ameoa, ana watoto wawili wa kike, anafanya kazi stoo ya vipuri vya magari. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kuandika. Alifikiri kidogo. Alisema siku moja mkewe alimtuma sokoni, na alipofika alisimama hapo akashindwa kuwa na hakika kama ni nyanya au vitunguu, wakati alijua ni nyanya. Tangu ile Jumamosi, akasema, sikio lake analiuliza mara mbili. Mwalimu alipofariki mtu alimwambia tarehe itatangazwa, naye hakungoja atangaziwe. Alipanda gari.

Wivu wangu wote wa mwaka ule ulikuwa juu ya sikio hilo. Niliweka kisu chini.

"Uliitaja," nikasema. "Ulisema leo baada ya Alasiri. Ulirudia mara mbili. Mimi ndiye niliyeifuta."

Alinitazama kama mtu anayengoja tafsiri. Nikamwambia yote, mpaka daftari, mpaka foleni ya ndoo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jambo hilo kwa miaka, nikalisema vibaya, nikirudi nyuma na kujisahihisha, na wakati mmoja nilijisikia nikieleza kuhusu mochari na siku kumi na tisa, nikanyamaza kwa sababu ilianza kusikika kama utetezi. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifuta mikono yake kwenye jani la mgomba, akarudia kuifuta, utomvu haukutoka.

"Miaka minane," akasema. "Namwambia Bakari ni mimi niliyekosa."

"Najua."

"Hujui. Alinisamehe mwaka jana. Alikuja na mke wake na watoto, akanisamehe mbele ya mama yangu. Nililia, Kwamboka." Hakuniita dada. Alitoa simu mfukoni, akatafuta jina, akapiga, na ilipoanza kulia akaiweka mkononi mwangu. "Mwambie yeye. Mimi nitakujibu baadaye, nikijua la kukujibu."

Sauti ya upande wa pili ilisema salaam na kumwita Faraji. Nikasema si Faraji, naitwa Kwamboka, niko Nyansiongo, nilikuwa nahariri ukurasa siku aliyofariki Mzee Shee. Kisha nikasema nilichofanya, safari hii kwa sentensi nne, bila mochari. Nyuma ya Bakari kulikuwa na mngurumo wa mashine, na aliuzima. Aliuliza kama nilikuwa namjua mzee. Nikasema la. Akauliza kama nilikuwa nimewahi kufika Mombasa. Nikasema la, mpaka leo.

"Mpe Faraji," akasema.

Nikampa. Faraji alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaanza kutembea, akashuka njia ya katikati ya mistari ya chai, simu sikioni. Mwanzoni alikuwa akisema ndiyo, ndiyo tu. Halafu nikamsikia akisema jambo refu, mkono wake mwingine ukipanda na kushuka, na chini kule karibu na kisima akasimama, akainama, akashika goti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kile cha ujumbe wake wa zamani, chenye kukatika katikati, na lazima mtu wa Voi alikuwa anacheka pia kwa sababu Faraji alisubiri, akasema kitu, akaanza upya. Walizungumza karibu saa nzima. Nilimenya beseni lote la ndizi nikiwa nimemgeukia. Nilikuwa nimemrudishia mtu kitu chake, na ilinipasa kufurahi, au kuona haya, au kuomba radhi. Nilichohisi ni kwamba hakuna mtu duniani ambaye ningeweza kumpigia nikacheka naye hivyo, na nikawaonea wivu.